Ripoti za Karani wa Dini kwa Mkono Wangu

Kabambare, 14 Septemba 1942

Daftari hili mume wangu Théophile amenipa nifanyie mazoezi ya mwandiko. Kurasa za mbele ni za a a a na b b b, kama Masista walivyotufundisha Kasongo. Kurasa za nyuma ni zangu. Mchana hapa ni mrefu na mtoto hajajua kujibu.

Mimi ni Victorine, mke wa karani. Mtoto wetu Cécilia ana miezi sita, anakaa peke yake nikimzungushia nguo pande zote.

Leo Théophile amerudi kutoka biro, ofisini kwake, ameshika kofia mkononi, uso unawaka. Bwana Administrateur, mkubwa wa Leta, yaani serikali, hapa Kabambare, amempandisha cheo. Alikuwa anaandika waliozaliwa na waliokufa. Sasa ni karani wa mambo ya dini wa teritwari nzima ya Kabambare. Atatengeneza fishi, kadi ya habari zake, ya kila mtu anayeongoza sala: makatekista, walimu wa Kiislamu, Waprotestanti, na wale wanaosali kwa kujificha. Fishi zitakaa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli.

“Juu ya nini Leta inataka kujua nani anasali?” nimemuuliza.

“Vita iko Ulaya, Mama Cécilia. Leta inataka kujua yote. Hata mvua wanaipimaka kwa chupa.”

Amemrusha mtoto juu mara tatu. Nimechinja kuku.

17 Septemba

Mvua ya kwanza. Paa la biro limevuja, letu hapana.

19 Septemba

Habari mbaya kutoka Wamaza. Bibi Amisa, mama wa mama yangu, amefariki juzi, siku ya ile mvua. Wamemzika siku hiyohiyo kwa desturi ya Kiislamu. Kwetu tumechanganyika: upande wa baba Wakristo, upande wa mama Waislamu, na kwenye msiba wote tunakaa mkeka mmoja.

Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Aliyenilea ni kaka yake, mjomba Atumani, mwalimu wa watoto wa Kiislamu pale Wamaza. Ndiye aliyenipeleka kwa Masista, siku nyingi za miguu, amebeba mkeka wangu kichwani. Watu walimcheka: mwalimu wa Kiislamu anapeleka mtoto wa dada yake kwa Masista! Alisema mtoto asome kwanza, Mungu atamtambua tu.

Ruhusa ya kusafiri nitapata kwa arobaini. Nimelia nyuma ya nyumba, Cécilia mgongoni.

27 Septemba

Mwandiko wa Théophile ni kama kuku amechakura majivu. Bwana amemgombeza: ripoti hii naisoma kwa macho au kwa pua? Basi ameniletea karatasi nyumbani. Nimenakili yote mchana, mtoto amelala. Bwana anapenda ripoti za kwanza ziwe kwa Kiswahili, kisha anazigeuza mwenyewe kwa Kifaransa.

Jioni Théophile amerudi anacheka peke yake. Bwana amesema, “Sasa wewe ni karani kweli.” Théophile hakumwambia ni mkono wa nani.

“Hii ni siri ya biro. Hata jikoni usiseme.”

Nitamwambia nani jikoni? Masufuria?

2 Oktoba

Kinu chetu cha sombe, majani ya muhogo, ni cha nyumba mbili. Mimi na Léontine, mke wa infirmier anayetibu wagonjwa, tulikuwa tunatwanga pamoja, yeye anapiga, mimi napiga. Leo nimemkuta na wanawake wawili. Niliposogea wakaanza kusifu mvua. Mvua nzuri, mvua nzuri, kama mtu amewaomba. Kisha Léontine akanipa mtwangio wake akaenda. Nimetwanga peke yangu.

4 Oktoba, Jumapili

Padri Gérard amefika kutoka Kasongo kwa pikipiki yake, matope mpaka ndevuni. Kule kwao Ulaya ni mtu wa mpakani na Ujerumani, nyumbani wanasema Kijerumani. Leo katika mahubiri amesema juu ya Ujerumani. Kwamba kule serikali imeweka biro nzima ya kuangalia makanisa. Kuna bwana mmoja kazi yake ni kuandika padri gani amesema nini, na katekista gani amekusanya watu wangapi.

Kanisa zima likageuza shingo kuniangalia. Nilitazama miguu ya Cécilia. Nilihesabu vidole vyake vyote.

Baada ya misa nimemngoja padri kando.

“Padri, huyo bwana ulimujua?”

“Nilisoma naye. Kwa hesabu alinishinda.”

“Ni mutu mubaya?”

Padri akakuna ndevu. “Hapana. Hapo ndipo shida. Alikuwa mwalimu wa katekismu, mutu wa utaratibu. Leta yao ilimuomba kitu kidogo: orodha ya parokia. Akaiandika vizuri. Wakamupa meza. Kisha biro. Kisha biro ya madirisha mawili. Kila mwaka ngazi moja. Mwaka wa tano ikafika mezani karatasi yenye jina la padri aliyebatiza mutoto wake.”

“Akafanya nini?”

“Akatia sahihi. Mukono ulikuwa umezoea.”

Nyumbani nimemweleza Théophile yote. Alisikiliza sana, kijiko hewani.

“Na sasa yuko na cheo gani?” akauliza.

Nilidhani anatania.

9 Oktoba

Jino la Cécilia! Chini, upande wa kushoto. Nilitoka nje kumwonyesha mtu. Hakukuwa na mtu.

15 Oktoba

Watu wanapanda mpunga. Wengine wanapelekwa msituni kugema mpira wa vita, ule utomvu wa miti, na kapita msimamizi wao anahesabu siku zao. Ukikosa siku, fimbo au buloko, jela.

Nimenakili fishi kumi na moja. Moja ni ya Padri Gérard. Imeandikwa: anasema Kijerumani.

23 Oktoba

Nimepata karatasi ya ruhusa. Kesho Wamaza, mimi na mtoto na mke wa polisi anayekwenda njia hiyo. Théophile amenifungia samaki wa chumvi kwa ajili ya mjomba, amechagua mwenyewe wale wanene. Amesema, “Umusalimie sana. Mwambie mukwe wake hana nafasi.” Mume wangu ana roho nzuri. Alikua kwa mapadri, bila baba bila mama, hajawahi kuwa na mtu wa kumpelekea samaki.

31 Oktoba

Nimerudi jana. Miguu imevimba lakini moyo umepona kidogo. Wamaza watu wote waliniita kwa jina. Victorine, Victorine, mpaka nikasahau kwamba mimi ni mke wa karani.

Arobaini ya Bibi Amisa ilikuwa kubwa. Watu walikuja kutoka vijiji vitatu, wengine wametoka hata Lusangi. Mjomba alisoma asubuhi mpaka jua likasimama katikati, sauti yake haikukatika. Kisha akasema na watu: huyu mama alizalisha nusu yenu kwa mikono yake, basi siku tatu hizi tunamlilia, hakuna kwenda mpirani, Mungu anajua vita na anajua pia msiba. Hata kapita wa mpira aliweka kitabu chake chini akaketi kula wali, na mchuzi ukamwagikia kitabu. Tulicheka na machozi yakiwa bado usoni.

Jana nilipofika nimemhadithia Théophile yote, mtoto amelala kati yetu kwenye mkeka. Nilimwiga mjomba, nilimwiga na kapita anavyofuta mchuzi. Théophile alicheka mpaka akashika tumbo. Ni muda mrefu hatujacheka hivi. Akaniuliza, watu walikuwa wangapi? Nikasema, karibu mia mbili, wewe! Nilijivuna.

3 Novemba

Nimeletewa karatasi za kunakili. Ya tatu inasema hivi:

“Atumani, mwalimu wa Kiislamu, Wamaza. Tarehe 26 Oktoba amekusanya vijiji vitatu na watu wa Lusangi, mia mbili, bila ruhusa. Amesoma kwa lugha ambayo watu hawaijui. Amewaambia wasiende mpirani siku tatu. Kapita wa mpira ameacha kazi kwa ajili yake.”

Nimeisoma mara nne. Hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini Bibi Amisa hayumo. Msiba haumo. Wali haumo.

Mchana Théophile alipokuja kula nimemwonyesha kwa kidole.

“Ni fishi tu,” amesema.

“Ni mjomba.”

“Mama Cécilia, sikiliza. Walimu wote wako na fishi. Padri iko na fishi. Kama mjomba peke yake hana, watauliza juu ya nini, na watasema karani anaficha watu wa muke wake. Nisipoandika miye, kapita ataandika, na ataandika vibaya zaidi. Fishi haiumi mutu. Inakaa ndani ya sanduku.”

“Basi andika kwamba ilikuwa arobaini.”

“Kuna mistari mine tu.”

Alikuwa anasema polepole, ananishika bega. Nilimwamini. Au niliona kumwamini ni rahisi kuliko kubishana na mtu mmoja tu anayenisemesha hapa Kabambare.

Nimenakili. A ya Atumani nimeiandika vizuri kupita zote, na mkia wake. Sijui kwa nini ninaandika jambo hili, lakini ni kweli.

4 Novemba

Mvua.

5 Novemba

Mvua. Nguo za mtoto hazikauki, nazikausha juu ya moto, zinanuka moshi.

11 Novemba

Bwana amempa Théophile viatu. Alivivaa ndani ya nyumba, akatembea kutoka mlango mpaka kitanda.

23 Novemba

Polisi wawili wameondoka asubuhi. Nimemuuliza Théophile wanakwenda wapi. Amesema hajui. Alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

28 Novemba

Nilikuwa nachota maji. Léontine akaja mbio, mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi kunisogelea.

“Mama Cécilia, kuja. Kuja sasa hivi.”

Mjomba Atumani alikuwa njiani kati ya polisi wawili, kamba kiunoni. Kanzu yake imeloa matope mpaka magotini. Hakuwa amevaa kofia. Sijawahi kuona kichwa chake wazi, kimekuwa cheupe chote. Aliponiona alijaribu kunyoosha nguo yake.

“Victorine! Mutoto amekua,” akasema. Ndilo neno lake la kwanza.

Polisi akamvuta. Wamemweka buloko. Kamyo, lori la Kasongo, inaondoka tarehe 14, naye atakuwa ndani yake. Kule wakubwa wa distriki watasoma karatasi zake, kisha watampeleka mbali sana, kwenye kambi ya watu wa dini waliofukuzwa. Miaka mitano. Wengine kumi. Ana miaka zaidi ya sitini.

Léontine alibaki amesimama nami njiani mpaka nilipoweza kutembea. Nilikuwa namwona mwoga, kumbe alikuwa anamlinda mume wake tu.

29 Novemba

Sikupika kwa Théophile. Amekula muhogo wa jana, baridi, hakulalamika.

1 Desemba

Wafungwa wanaletewa chakula na ndugu zao saa sita. Wanakaa uani, chini ya paa la bati. Nampelekea mjomba ugali na sombe kila siku. Anakula kidogo, anamlisha Cécilia kwa vidole vyake. Cécilia anamvuta ndevu.

Anasema: “Wameniuliza juu ya arobaini ya mama. Wanajua yote, hata kwamba kapita aliacha kazi. Nani aliwaambia? Kapita? Yule alikuwa analia kupita miye.”

Nilikusanya vyombo.

3 Desemba

Vilevile. Mvua kwenye bati, hatukusikilizana. Nilishukuru.

5 Desemba

Leo mjomba amenishika mkono kabla sijainuka.

“Mutoto wangu, hakuna mutu aliyenisikiliza. Waliniuliza ndiyo au hapana, nikasema ndiyo, maana ni ndiyo. Nataka kumwandikia Bwana mkubwa barua. Maandishi yangu yanatoka kulia kwenda kushoto, atasema ni dawa ya uchawi. Wewe ulisoma kwa Masista. Niandikie.”

Nimemwambia nitajaribu kupata mtu.

Nimejaribu. Makarani wa biro wote wako chini ya Théophile. Padri Gérard harudi kabla ya Noeli. Nimekwenda kwa mume wa Léontine, amenipokea vizuri, amenipa kiti, kisha amesema mikono yake inatetemeka siku hizi kwa homa. Ilikuwa haitetemeki.

6 Desemba

Nimemwambia Théophile: mjomba anataka barua, nami nitaiandika.

Alikuwa ananyoa. Akaweka wembe chini.

“Victorine.” Hajaniita hivyo tangu mtoto azaliwe. “Bwana anajua ule mwandiko kama anavyojua muke wake. Kila siku uko mezani kwake. Ataweka barua kando ya ripoti, atajua siku hiyohiyo kwamba siri za Leta zinapita jikoni kwangu. Unajua watanifanya nini?”

“Watakutoa kwenye cheo.”

“Kama nikipata bahati! Na mwezi wa kwanza nilikuwa niende Kasongo. Distriki nzima, Mama Cécilia. Nyumba ya matofali, sakafu ya simenti, mutoto hatatambaa tena kwenye udongo.”

“Na mjomba?”

“Mjomba ni muzee. Kule wanakula, wanalala, hawapigwi sana.”

Alisikia mwenyewe alichosema, nadhani. Alichukua wembe, akauweka tena. Nusu ya uso ilikuwa na povu. Nilimkumbuka yule bwana wa Ujerumani wa Padri Gérard, nikaona kwamba hata yeye lazima kuna asubuhi alinyoa, na mke wake amesimama mlangoni hivi.

Nilimjua Théophile mtu wa kupenda kazi. Leo nimemwona mtu mwenye hofu, amevaa viatu.

7 Desemba

Ninaandika hii mchana, mtoto analala, nimetoka buloko sasa hivi.

Asubuhi nilijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, nione kama naweza kuuficha mwandiko. Herufi zilianguka kama walevi. Hakuna mzungu atakayesoma barua ya namna hiyo. Nikachoma ile karatasi. Nikaweka kalamu, wino na karatasi nzuri chini ya bakuli la ugali, nikamfunga Cécilia mgongoni.

Polisi wa mlango aliona kalamu.

“Hiyo ya nini?”

“Ya kuandika.”

“Ah, kazi ya biro,” akasema, akafungua. Kwake yeye, mke wa karani akiandika ni Leta inaandika.

Mjomba alikaa vizuri, akakunja miguu kama anayefundisha. Nikaweka karatasi juu ya kibao cha kukatia nyama nilichobebea chakula. Akaanza kusema polepole, mimi nikaandika. Salamu kwanza. Kisha jina lake, jina la baba yake, jina la kijiji. Kisha akasema:

“Andika: sijui ni nani aliyepeleka maneno haya kwa Leta. Mungu amusamehe.”

Kalamu ilisimama. Tone la wino likaanguka kwenye kibao, bahati si kwenye karatasi.

“Umechoka?” akauliza.

“Ni miye, mjomba.”

Hakuelewa. Nikamweleza yote. Jinsi nilivyohadithia nyumbani kwa furaha. Jinsi nilivyomwiga. Kwamba Théophile aliandika, na kwamba mimi nilinakili, na kwamba ile karatasi waliyomsomea ni mkono huu. Sikulia. Nilitaka kusema yote kabla ya kulia.

Mjomba akamtazama Cécilia, si mimi. Wafungwa wengine walikuwa wanakula, vijiko vinagonga. Nilitamani anipige.

“Walinisomea ile karatasi,” akasema mwishowe. “Nilijiambia, huyu aliyesema hakudanganya. Amesema nusu.”

“Ndiyo, mjomba.”

“Basi pale pa ‘sijui nani’, usiandike. Andika nusu ile ingine. Unaijua kunishinda, mimi nilikuwa nasoma, macho yangu kwenye kitabu. Wewe ndiye uliyeona watu.”

Nikaandika. Niliandika Bibi Amisa alikuwa nani, na mikono yake ilipokea watoto wangapi, pamoja na watoto wa kapita. Niliandika arobaini ni nini, kwamba Mkristo na Mwislamu wanakula sahani moja. Niliandika siku tatu za mpira zilizokosekana, kwamba wiki iliyofuata watu walikwenda siku tatu zaidi bila kuitwa, kwa sababu mjomba aliwaambia wazirudishe. Agizo hilo nilikuwa nalijua! Nilikuwapo, nilisikia! Na kwa Théophile sikulisema, maana halikuchekesha.

Mjomba akasema, “Andika vizuri. Bwana asome bila kusumbuka.” Sikujua kama anajua anachoniomba. Sikumweleza habari ya mwandiko. Niliandika kama Masista walivyotaka, kila mkia, kila nukta. Chini nikaweka: Imeandikwa na Victorine, mtoto wa dada yake, mke wa karani wa dini.

Mjomba akatia kidole gumba.

Nimepita biro mwenyewe, nimeiweka barua mkononi mwa polisi wa Bwana. Théophile aliniona kutoka dirishani. Hakuja kunizuia. Angeweza.

8 Desemba

Hakuna kitu.

9 Desemba

Hakuna kitu. Cécilia anatambaa kati yetu, anakwenda kwa Théophile, anarudi kwangu.

11 Desemba

Nimeitwa biro. Bwana Administrateur ni mtu mwembamba, ana homa machoni. Mezani karatasi mbili, kando kwa kando. Théophile amesimama ukutani.

“Hii ni mukono yako?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Na hii?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Ni ipi iko ya kweli?”

Mtoto alianza kulia mgongoni, nikamtingisha. “Yote mbili, Bwana. Ile ya kwanza ni fupi.”

Akamtazama Théophile, akasema Kifaransa kirefu ambacho sikukielewa, ila neno *confidentiel* mara tatu. Alikuwa mwekundu. Sikuona hasira ya mtu aliyedanganywa tu. Nilimwona kama mtu anayejiuliza wakubwa wake wa Kasongo watamchekaje, akiwapelekea karatasi za siri zilizoandikwa na mtoto wa dada wa mfungwa mwenyewe.

“Kwenda nyumbani,” akaniambia.

14 Desemba

Kamyo imeondoka. Nilisimama njiani tangu saa kumi na mbili. Magunia ya mpunga, wanajeshi wawili, mke wa mtu na mbuzi wake. Mjomba hakuwamo.

Léontine alikuwa nyuma yangu. “Hayumo,” akasema. “Hayumo, mama.” Akanishika kiunoni, tukacheza pale matopeni kama wasichana, yeye na mimi na mtoto.

19 Desemba

Mjomba ametolewa. Hatafundisha tena bila karatasi ya ruhusa, na asikusanye watu zaidi ya kumi. Amepita nyumbani kuniaga, akasimama nje, hakuingia. Amenitazama sana, akasema nikipata nafasi nije Wamaza. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Théophile ameondolewa kwenye kazi ya dini. Anapelekwa Lusangi, ghala la mpunga, kusimama kwenye mizani.

23 Desemba

Karani mpya wa dini amefika kutoka Kasongo, kijana wa miwani. Amekuja na mashine ya kuandika. Tunaisikia kutoka nyumbani, tak tak tak, mpaka saa ya kula. Hakuna atakayejua tena mwandiko ni wa nani.

Mwisho wa mwaka

Théophile ameondoka peke yake, asubuhi, mvua. Amembusu mtoto kichwani. Kwangu alisema, “Umevunja nyumba.” Nikasema, “Labda.” Alingoja niseme zaidi. Nikamfungia muhogo wa njiani.

Nyumba hii ni ya Leta, lazima nitoke kabla ya tarehe tano.

Wamaza, 12 Januari 1943

Niko kwa mjomba. Mpunga umeanza kutoa masuke. Wanawake wamenipa sehemu yangu ya kufukuza ndege, karibu na mto. Tunapiga kelele tangu jua linapotoka. Siku ya kwanza sauti yangu haikutoka vizuri. Nilikuwa sijapaza sauti tangu niolewe. Mwanamke wa shamba la pili akanitania, “We mama wa biro, ndege hawasomi, piga kelele!”

Mjomba ananisemesha kidogo. Ameanza kuniomba nimsomee barua za watu.

25 Januari

Cécilia amesimama. Ameshika ukuta, ameanguka, amesimama.

7 Februari, Jumapili

Leo tulikuwa tumekaa uani, mjomba na mimi, wali umeiva. Mtu akatokea njiani, anatembea kwa miguu mitupu, viatu amevishika mkononi. Nilimjua kwa mabega. Amekonda. Ametoka Lusangi.

Hakuingia. Alisimama pale mwisho wa ua, juani, kama mtu ambaye hana hakika na jina la nyumba. Hatukumwita. Cécilia alimtazama, hakumtambua bado, akashika nguo yangu.

Mjomba alikuwa anatoa mawe kwenye mchele wa kesho, moja moja, hakuinua kichwa.

“Mama Cécilia,” akasema, “mukwe wetu anaungua jua. Mutu amuletee maji ya kunawa.”

“Niende miye?”

“Sijasema nani.”

Nilibeba birika na beseni, nikatoka. Théophile akaweka viatu chini, akanyoosha mikono yote miwili. Ilikuwa na vumbi la mpunga mpaka viwikoni. Nikamimina. Maji yalikwisha akiwa bado ameinyoosha.

“Lusangi kuna nyumba moja,” akasema, macho kwenye beseni. “Ni ya udongo. Inavuja upande mumoja. Hakuna mutu ananisemesha pale, Victorine. Wanasema nitawaandika.”

Najua siku ya kutosemeshwa ni ya namna gani. Niliishi nayo miezi mitatu.

“Utakuja?” akauliza.

Nilitazama nyuma. Mjomba alikuwa amesogea kidogo kwenye mkeka, nafasi ya mtu mmoja.

“Kula kwanza,” nikamwambia.